Maji ya Kifuu Bahari ya Chungu: Historia Fupi ya Kuwafundisha Watoto Kujihadhari na Maji

Ndugu wahitimu wenzangu,

Kamati ya gazeti letu imeniomba tena niandike makala ya historia, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wale waliolipenda somo hilo tangu kidato cha kwanza, na baadaye nikala mkate wake kwa miaka 33 ya ualimu. Katika matoleo yaliyopita wenzetu wameandika juu ya timu yetu ya mpira, juu ya shamba la mihogo, na juu ya walimu wetu, ambao wengi wao wamekwisha kututangulia mbele ya haki. Yote hayo ni mazuri, nami nimeyasoma kwa furaha. Walakini liko jambo moja ambalo kila tukutanapo hatulitaji, ingawa naamini kila aliyekuwapo miaka ile hulikumbuka aonapo ziwa. Ni kile kitanda cha tatu kutoka mlangoni, bweni la chini, kilichobaki kitupu tangu Jumamosi moja ya mwaka 1971.

Jina la mwenzetu sitaliandika, kwa heshima ya ndugu zake. Lakini habari yenyewe nitaieleza, kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wa wale wanne waliokwenda miambani kufua siku ile.

Ilikuwa yapata saa nne asubuhi, baada ya usafi wa mabweni. Ziwa lilikuwa shwari. Tulikuwa tumeinama tunasugua kaptula zetu kwa sabuni ya mche, na mwenzetu, aliyetoka mikoa ya bara ambako mto huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, aliteremka hatua chache kusuuza shati. Jiwe lilikuwa na utelezi. Nilipoinua kichwa nilimwona yumo majini, hatua kama 10 kutoka nilipokuwa, uso ameuelekeza juu, mdomo unatokeza na kuzama, mikono inayakandamiza maji kama mtu anayetaka kupanda ngazi isiyokuwapo. Hakuita. Hakupunga mkono. Nikadhani anacheza. Nilicheka, ndugu zangu, nikainama tena kusugua. Nilipoinua kichwa mara ya pili, maji yalikuwa yametulia.

Mmoja wetu alijitupa kumfuata, naye nusura afe, kwa kuwa hakuwa mwogeleaji. Wavuvi waliokuwa mbali kidogo walikuja kwa mtumbwi wakamtafuta kwa makasia, na alipopatikana muda ulikuwa umekwisha kupita. Pale ufukweni watu wazima walimwinua miguu juu kichwa chini, wakamkamua tumbo. Walifanya walichokijua. Hakuna aliyempulizia pumzi, kwa sababu hakuna aliyefundishwa.

Jumatatu tulikusanywa mstarini. Tukaelezwa kwamba tangu siku ile ni marufuku kwenda ziwani, na atakayekamatwa atachapwa viboko sita. Njia ilizibwa kwa matawi ya miiba, likasimamishwa na bango. Basi. Hatukufundishwa kuelea, wala kutupa kamba, wala kutambua mfa maji anafananaje. Na kwa kuwa maji ya bomba yaliendelea kukatika, sisi tuliendelea kwenda ziwani kwa siri. Tofauti ilikuwa moja tu: zamani tulikwenda wanne wanne, sasa tulikwenda mmoja mmoja ili tusionekane.

Siyasemi haya ili kuwalaumu walimu wetu. Hofu yao ilikuwa na msingi. Ziwani mna mamba, na kichocho kilikuwa kimeshika watoto wengi wa mwambao. Tena ziwa lenyewe lilikuwa limebadilika. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961, zile ambazo wazee waliziita mvua za Uhuru, ziliinua Ziwa Viktoria kwa mita zipatazo 2 na nusu kufikia mwaka 1964. Mashamba ya pwani yakawa maji, na miamba waliyokuwa wakiikalia waliotutangulia ikawa chini ya maji. Hata mwenyeji aliyedhani anakijua kina cha mahali alikuwa anakijua kina cha jana. Ndivyo ilivyotokea tena mwaka 2020, ziwa lilipopanda na kuingia majumbani mwa watu katika nchi zote tatu zinazolizunguka.

Hata hivyo swali lilinifuata miaka yote: je, wanadamu wa kwingine walifanya nini watoto wao walipokufa maji? Nilipostaafu nilipata nafasi ya kulitafutia jibu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mji wa mifereji

Kwa maelfu ya miaka watu waliokaa kando ya maji waliwafundisha watoto wao kwa kuwaacha waige. Mtoto wa mvuvi alimtazama kaka yake, akaingia kwenye maji ya magoti, kisha ya kiuno, na siku moja akajikuta anaogelea. Ni njia njema kwa anayefaulu. Asiyefaulu hakupata nafasi ya kusimulia.

Jitihada ya kwanza ya hadhara niliyoipata ilikuwa Amsterdam, katika Uholanzi, mwaka 1767. Mji ule umekatwakatwa na mifereji, na watu walitumbukia humo kila majira. Wengi waliogopa kumgusa aliyetolewa majini kabla watu wa serikali hawajafika, wasije wakaulizwa wao. Ndipo raia kadhaa walipounda chama cha kuwaokoa wafa maji. Walichapisha maelekezo kwa watu wote, wakatangaza zawadi kwa atakayemrudisha mtu uhai. Baadhi ya maelekezo yao leo yanatuchekesha, kama lile la kupuliza moshi wa tumbaku ndani ya utumbo kwa njia ya nyuma. Lakini mengine yalikuwa ya kweli kabisa: mpashe joto, mpulizie pumzi kinywani, usikate tamaa upesi. Mwaka 1774 waganga wawili wa London, William Hawes na Thomas Cogan, walianzisha chama cha namna hiyo hiyo, ambacho kipo mpaka leo.

Waholanzi wale walituachia somo moja kubwa: kwamba mfa maji huokolewa na mtu yeyote aliye karibu naye, na kwa hiyo elimu ya kuokoa haina budi kuwa ya watu wote. Lakini chama chao kilishughulika na aliyekwisha kuzama. Kumfundisha mtoto kabla hajatumbukia kulichelewa zaidi ya miaka 100.

Meli mbili zilizowaamsha watu

Tarehe 3 Septemba 1878, jioni, meli ya matembezi iitwayo Princess Alice ilikuwa ikirudi London kwa njia ya mto Thames, imejaa familia zilizotoka kupunga upepo. Iligongwa na meli kubwa ya makaa ya mawe ikakatika, na katika dakika chache ikazama. Zaidi ya watu 600 walikufa. Hawakufa baharini, ndugu msomaji, walikufa mtoni, ambako kingo zilikuwa zikionekana. Wachache mno walijua kuogelea, na wanawake walivutwa chini na mavazi mazito ya zama zile.

Msiba ule uliwafanya Waingereza waulize kwa nini taifa la mabaharia halijui kuogelea. Mwaka 1891 William Henry na wenzake waliunda London chama cha waogeleaji waokoaji, ambacho baadaye kilienea katika nchi nyingi zilizokuwa chini ya Uingereza. Kwa kuwa mabwawa ya kuogelea yalikuwa machache, walifundisha mengi nchi kavu: vijana wanapangwa mistari kama gwaride, wanajifunza jinsi ya kumshika mfa maji, jinsi ya kujinasua akikukumbatia, jinsi ya kumvuta. Nawaomba mlikumbuke jambo hili, kwa sababu shule nyingi za kwetu husema haziwezi kufundisha kwa vile hazina bwawa.

Meli ya pili ni General Slocum ya New York. Tarehe 15 Juni 1904 ilichukua waumini wa kanisa moja kwenda matembezini, wengi wao akina mama na watoto. Ikashika moto katika East River, na watu 1,021 wakapoteza maisha. Maboya ya kujiokolea yalikuwamo, lakini yalikuwa yamekaa miaka mingi mpaka magome yake yakaoza na kusagika. Mama alimfunga mwanawe boya, akamtupa majini, na boya likazama naye. Hakuna mfano mchungu kuliko huo wa kutuonyesha kwamba kifaa kisichokaguliwa ni adui aliyevaa nguo za rafiki.

Kifo kisichopiga kelele

Sasa nafika kwenye jambo lililonishtua kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yaani miaka ile ile ya msiba wetu, alikuwako mkuu wa waokoaji katika ufukwe wa Orchard Beach, mjini New York, aitwaye Frank Pia. Yeye na wenzake walikuwa wakiwaokoa watu wengi kila kiangazi, naye akapata fikra ya kuwapiga picha za sinema watu wakiwa katika kuzama, ili ajifunze wanavyofanya. Alichokiona kilikuwa kinyume cha yale yote tuliyodhani.

Mtu anayezama hapigi kelele. Hawezi. Mwili hutaka pumzi kwanza, na mdomo unapotokeza juu ya maji hupata nafasi ya kuvuta hewa tu, haupati nafasi ya kuita. Hapungi mkono, kwa sababu mikono yake, bila yeye kuitawala, hutandazwa pembeni na kuyakandamiza maji ili kuinua kichwa. Kichwa hulala nyuma, mwili husimama wima, miguu haisaidii. Hayo yote huchukua sekunde 20 mpaka 60 tu, kisha mtu hutoweka. Na walio karibu naye, hata walio majini pamoja naye, mara nyingi hawajui kwamba wanamtazama mtu anayekufa.

Niliposoma maelezo hayo kwa mara ya kwanza, mwenzenu nilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 60. Nilikifunga kitabu nikatoka nje. Kwa miaka yote ile nilijihukumu kwamba nilimsikia nikapuuza, kumbe hapakuwa na sauti ya kusikia. Niliona sawasawa kila alama ambayo Pia aliipiga picha, ile ngazi isiyokuwapo, ule mdomo unaotokeza na kuzama. Kilichokosekana hakikuwa huruma. Kilikosekana kipindi kimoja cha dakika 40, darasani, cha kunieleza nilichokuwa nikikitazama.

Na pumzi je? Nayo ilikwisha kujulikana. Katika miaka ya 1950 waganga James Elam na Peter Safar walithibitisha Marekani kwamba pumzi ya mtu mzima ikipulizwa kinywani mwa asiyepumua humtosha kumweka hai, na kwamba inashinda zile njia za zamani za kubana mgongo na kuinua mikono, ambazo baadhi yetu tulifundishwa katika uskauti. Mwaka 1960 wengine wakaongeza kubonyeza kifua. Leo waganga wanasisitiza kwamba kwa aliyekufa maji hitaji la kwanza ni pumzi, na kwamba kumning'iniza au kumkamua tumbo ni kupoteza dakika asizokuwa nazo.

Bwawa nyuma ya nyumba

Mifano hiyo ni ya Wazungu wenye mabwawa na fedha. Mtu aweza kusema, sisi tutaiwezaje? Basi na twende Bangladesh, nchi ya wakulima, iliyojaa mito, mafuriko na vidimbwi.

Mwaka 2003 ulifanywa huko uchunguzi mkubwa wa nyumba kwa nyumba. Matokeo yaliwashangaza hata waganga wenyewe: miongoni mwa watoto waliovuka mwaka mmoja, kuzama kulikuwa kunaongoza kwa kuua kuliko ugonjwa wowote ule. Nao hawakuwa wakifa katika mito mikubwa wala katika dhoruba. Wengi walikufa katika kidimbwi cha nyumbani, hatua chache kutoka mlangoni, wakati wa asubuhi ambapo mama yuko jikoni au shambani na wakubwa wako shule. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Chungu ni yule sisimizi mdogo, na kwake yeye maji yaliyobaki katika kifuu cha nazi yatosha kumwua. Hali kadhalika mtoto wa miaka 2 huweza kufa katika ndoo.

Wabangladeshi walifanya mambo mawili. Kwa watoto wadogo, wa kuanzia mwaka mmoja mpaka 5, walifungua vituo vya malezi kijijini, katika nyumba ya mama mmoja aliyefunzwa, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, yaani zile saa za hatari. Kwa waliozidi umri huo walijenga chanja za mianzi ndani ya vidimbwi vile vile vya kijiji, mtoto asimame bila kuzidiwa na kina, na vijana wa hapo hapo wakafunzwa kuwa walimu. Mtoto hahesabiwi kuwa amehitimu mpaka aogelee mita 25, aelee kwa sekunde 30, na aweze kumsaidia mwenzake kutoka nchi kavu bila kujitosa.

Watafiti waliwafuatia watoto hao kwa miaka kadhaa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Katika makundi yote mawili, waliolelewa vituoni na waliofundishwa kuogelea, vifo vya majini vilikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko kwa watoto wasiopata huduma hizo. Kwa mianzi, ndugu zangu, na kwa akina mama wa kijijini.

Bangladesh, pamoja na Ireland, ndizo zilizoongoza kulipeleka jambo hili katika Umoja wa Mataifa, na mwezi Aprili 2021 Baraza Kuu likaitangaza tarehe 25 Julai ya kila mwaka kuwa Siku ya Kuzuia Vifo vya Kuzama Duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 peke yake watu wapatao 300,000 walikufa maji, na kwamba karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Katika kila vifo 10, zaidi ya 9 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Nyumbani kwetu

Hapa kwetu maji huingia katika historia kwa meli kubwa. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800, na wengi wao wamelala Igoma. Tarehe 10 Septemba 2011 ikazama Spice Islander kati ya Unguja na Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinafika gati ya Bwisya, kisiwani Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, lakini waliokufa walifika 228. Watu walikufa wakiziona nyumba zao, kama wale wa mto Thames miaka 140 kabla yao.

Misiba hiyo tuliililia taifa zima, bendera zikapepea nusu mlingoti. Lakini mtoto anayetumbukia katika lambo la kunyweshea ng'ombe, au katika shimo lililochimbwa kokoto likaachwa likajaa mvua, au katika kisima kisicho na mfuniko, hapandishiwi bendera. Hufa mmoja mmoja, huzikwa na jirani, na mwaka unaofuata shimo lingali wazi. Tukiwahesabu hao, tutaona kwamba meli kubwa ni sehemu ndogo ya msiba.

Hata hivyo mifano mizuri ipo. Kule Nungwi, kaskazini ya Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea baharini wakiwa katika mavazi ya kusitiri mwili mzima, kinyume cha mazoea yaliyomweka msichana wa mwambao mbali na maji ambayo hata hivyo anapaswa kuyavuka. Chombo chao cha kuelea ni lile dumu tupu la plastiki la rangi ya njano ambalo kila nyumba ya Tanzania inalo.

Mafundisho yenyewe

Kutokana na safari hiyo ya miaka zaidi ya 250, nimeyakusanya mambo ambayo naona kila mzazi na kila mwalimu apaswa kuyashika.

Kwanza, mtoto chini ya miaka 5 hafundishiki kuogopa maji. Kinga yake ni jicho la mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Jicho la dada yake wa miaka 7 halitoshi. Kisima kifunikwe, shimo lizungushiwe ua, na ndoo imwagwe maji kazi ikiisha.

Pili, kuanzia miaka 6 au zaidi mtoto afundishwe kuelea chali, kugeuka, na kurudi ukingoni. Hayo yatangulie mbio na mashindano. Afundishwe mahali palipochaguliwa na wenyeji, pasipo mamba, maji yakiwa ya kifua chake, mwalimu mmoja akiwa na watoto wachache, na mwokoaji mwingine amesimama tayari. Kuhusu kichocho, wauguzi waulizwe, na watoto wapimwe na kupewa dawa.

Tatu, asiende peke yake. Marufuku yetu ya mwaka 1971 ilitufundisha kinyume chake.

Nne, ajue sura ya mfa maji. Aambiwe wazi: mwenzako akiwa kimya, kichwa nyuma, mdomo unazama na kutokeza, huyo hachezi. Mwite. Asipojibu, anakufa.

Tano, asimrukie. Mfa maji haachi kutapatapa, na atamkumbatia mwokoaji hata wazame wote wawili. Apige kelele kuita watu, amnyooshee fimbo, kasia au shuka, amtupie dumu lililozibwa vizuri au kamba. Mwenzetu aliyejitosa siku ile alikuwa shujaa, lakini pale miambani tulikuwa na ndoo na tulikuwa na mashuka mabichi, na hakuna aliyefikiri kuyatumia.

Sita, akipanda mtumbwi au kivuko avae jaketi la kujiokolea linalomtosha, tena lililokaguliwa. Tukumbuke General Slocum.

Saba, wakubwa wajifunze kupuliza pumzi na kubonyeza kifua. Hilo halihitaji ziwa. Lahitaji mkeka na mwalimu.

Ombi langu kwa mkutano

Ndugu zangu, nimesikia kwamba katika mkutano wetu wa mwaka huu litaletwa pendekezo la kuchangia lango jipya la shule lenye majina yetu. Silipingi. Lango ni jambo la heshima. Lakini nilipofika shuleni mwaka jana niliteremka kwa ile njia ya zamani mpaka miambani. Bango la marufuku lipo bado, limeandikwa upya kwa rangi nyekundu. Na chini yake, ndugu zangu, niliwakuta vijana watatu wa kidato cha pili wanafua.

Walishtuka waliponiona, wakataka kukimbia. Niliwaambia, "Kaeni, wanangu, msiogope." Nikawauliza kama wanajua kuogelea. Mmoja akasema, "Shikamoo mzee, mimi nimetoka Dodoma." Sikuwa na haja ya jibu zaidi.

Nilikaa nao juu ya jiwe mpaka walipomaliza. Niliwaeleza kimya cha mfa maji, nikawaonyesha jinsi ya kutupa dumu lililofungwa kamba. Walilitupa zamu kwa zamu, wakicheka, mpaka wote watatu wakaweza kulifikisha mahali nilipowaonyesha. Palikuwa hatua kama 10 kutoka ukingoni. Sikuwaambia kwa nini nimechagua pale.

Basi ombi langu ni hili. Kabla ya lango, tutoe fedha za mambo manne madogo: madumu na kamba zining'inizwe pale miambani, wavuvi wawili wa kijiji cha jirani wafunzwe na kulipwa wawafundishe vijana wa kidato cha kwanza kila mwaka, mwuguzi aje kila muhula kufundisha huduma ya kwanza, na karo la kufulia lijengwe juu, lenye tangi la maji, ili asiyependa kwenda ziwani asilazimike. Bango nalo lisiondolewe, ila liandikwe upya. Badala ya neno la marufuku liwaeleze vijana la kufanya.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Sisi tuliochelewa kwa mmoja, tusichelewe kwa hawa. Tutakapokutana tutasimama kimya kwa dakika moja kuwakumbuka waliotangulia, kama desturi yetu. Safari hii naomba jina lake lisomwe pamoja na mengine. Halijapata kusomwa.

Wenu katika udugu wa shule,

Mwanafunzi wa zamani, 1970–1973